Siku Tisa za Mama na Machipuo Yaliyopotea Pwani

Mwenzangu mmoja aliniuliza darasani: "Wewe Mpemba wa Micheweni, sherehe ya Mabaniani yakuhusu nini?" Swali hili si dogo. Katika fasihi yetu Baniani tunamjua akiwa nyuma ya meza ya duka na daftari la madeni. Hata methali "Baniani mbaya kiatu chake dawa" inamtazama kwa faida yake tu. Adam Shafi katika Vuta N'kuvute (1999) alituingiza ndani ya nyumba ya Kihindi, lakini Yasmin si Mhindu.

Navaratri maana yake ni usiku tisa. Ile ya mwezi wa Chaitra huangukia Machi au Aprili, na huko Bara Hindi ni wakati wa machipuo. Wahindu humwadhimisha Mama, Durga, katika sura zake tisa. Mahali pengi wasichana wadogo huoshwa miguu na kulishwa kwa heshima yake. (Ile maarufu kwa ngoma ya garba ni ya Septemba au Oktoba, tusizichanganye.)

Sasa hebu tuutazame mwezi huo huku kwetu. Nilipomtajia bibi yangu neno "machipuo" aliniuliza: "Ndo lini huko, mjukuu wangu? Kaskazi au masika?" Alikuwa na haki. Kaskazi inakatika, mvua inaanza, na zamani vyombo vilivyotoka Mandvi, Kutch, vilikuwa vikingoja upepo wa kusi virudi. Tena wafanyabiashara wengi wa Kibaniani waliokuja Zanzibar nusu ya kwanza ya karne ya 19 waliwaacha wake zao kwao. Siku za Mama katika nyumba isiyo na mama wala binti! Ajabu ni kwamba hakuna mtunzi wetu niliyemsoma aliyeligusa jambo hili.

Na si wao tu walioleta machipuo kwa jahazi. Nairuzi, ambayo wakulima na wavuvi wetu huanzia kuhesabu miongo, asili yake ni mwaka mpya wa Waajemi, mwezi Machi. Mwaka wetu una siku 365 kamili, hauongezwi siku kila baada ya miaka minne, kwa hiyo umekuwa ukirudi nyuma pole pole, na leo Makunduchi wanakoga mwaka Julai. Wahindu huongeza mwezi mzima takriban kila mwaka wa tatu, ndiyo maana Chaitra haihami. Basi sherehe moja ilishika mwezi wake ikapoteza majira. Nyingine ilishika jina, mwezi ukaikimbia. Zote zililetwa na kaskazi ile ile. Ndiyo sababu nasema yanihusu.

Micheweni ni maweni, mikarafuu kwetu haba. Bibi anakumbuka duka la Baniani mjini Wete, kabla ya 1964, alikonunuliwa kanga yake ya kwanza. Nilimuuliza kama alipata kuona wanavyomwabudu Mama yao.

"Sie tukiishia barazani," alinijibu.