Hazina ya Disney
Hazina ya Disney ilikuwa mbinu ya kibiashara ambayo kwayo kampuni ya Walt Disney ya Marekani, ikifuata desturi iliyoanza mwaka 1944 iliporejesha sinemani katuni ya Snow White ya mwaka 1937, iliuza kanda na diski za filamu zake mashuhuri kwa muda mahususi, kisha ikaziondoa madukani miaka kadhaa ili shauku ya wanunuzi isife. Kwa mfano, filamu ya The Lion King iliuzwa kwa kanda mwaka 1995, ikarejea kwa DVD mwaka 2003. Hila hiyo, isiyokosa tamaa, haikuwa na nguvu katika vibanda vya video vya mitaani, ambako nakala zisizo halali hazikungoja idhini. Huduma ya Disney+ ilipoanza mwaka 2019, mbinu hiyo ilipoteza maana.