Dawa ya Nguruwe

Mjomba alipiga simu usiku, nikiwa kwenye daladala ya Mbagala, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba. "Nguruwe wamemaliza muhogo wa Bibi," akasema. Hakusema wameharibu. Alisema wamemaliza. Taarifa ilikuwa imeshapelekwa wilayani, kibali kilikuwa kimetoka, na askari wa wanyamapori angefika Dimani na bunduki Jumamosi ya wiki iliyofuata. Wanaume wachache wa kijijini wangemwongoza usiku. Nikasema, bila kufikiri, na mimi nakuja.

Kimya kidogo, kisha kicheko. "Mwanangu, msako si mambo ya picha. Na tangu lini mwanamke akaenda msakoni?"

Nina shahada ya historia na sijawahi kuchinja hata kuku. Lakini muhogo ule naujua. Bibi aliuuza stendi ya Kibiti miaka yote niliyokuwa bweni, na nauli zangu za kwenda na kurudi shule zilikuwa zikinuka udongo wake. Nikang'ang'ania. Mwishowe Mjomba akakubali kwa sharti moja, kwamba nitakaa nyuma.

Nikajiandaa kama wasomi wanavyojiandaa, yaani nikasoma. Nikaanza na mnyama mwenyewe. Wengi wetu tuliokulia mjini tukisikia nguruwe wa porini tunamfikiria ngiri, yule wa mbugani anayekimbia mchana mkia juu kama antena ya redio. Huyu siye. Nguruwe pori ni wa vichakani na kando ya mito, ana nywele ndefu mgongoni na masikio yenye ncha, na kazi zake anafanya usiku. Dume mkubwa anaweza kufika kilo 100 na zaidi. Hutembea kwa kundi, na pua yake ni jembe. Mahindi huyalaza chini kwanza ndipo ale, na muhogo huufukua hata ule ambao haujakomaa, akauma kidogo, akauacha, akaenda shina la pili.

Masomo mengine yalikuja kwa simu, kila jioni, Mjomba akiwa amekwisha kuswali. Usioge kwa sabuni ya marashi siku hiyo. Upepo ukupige usoni, usikupige kisogoni. Usivae nguo nyeupe. Simu izimwe kabisa, maana ukiiwasha tu utang'aa kama taa ya karabai. Tochi haiwaki mpaka askari aseme. Nguruwe akijeruhiwa usimfuate, kwa sababu hugeuka, na meno yake ya chini ni visu. Na usipite mbele ya bunduki kwa sababu yoyote ile, hata ukikanyaga nyoka. Niliandika yote kwenye daftari. Nikanunua buti za mpira Kariakoo. Ilikuwa imebaki siku nne na nilijiona tayari, ila nilikuwa sijajibiwa swali ambalo Mjomba alilikwepa kila nilipouliza: kwa nini mtu mmoja mwenye bunduki atoke wilayani kuja kufanya kazi ya kijiji kizima?

Nikarudi kwenye vitabu, safari hii vya fani yangu.

Sote tulifundishwa Majimaji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, dawa ya maji, risasi kugeuka maji, na swali la mtihani: eleza sababu sita za kushindwa. Ngarambe na Mohoro ni majirani zetu kabisa, upande wa pili wa mto Rufiji. Mohoro ndiko Wajerumani walikomnyonga Kinjikitile tarehe 4 Agosti 1905. Mimi nimepita njia zile nikiwa mtoto na hakuna aliyenionyesha kidole.

Kitu ambacho hakikuwa kwenye daftari langu la shule ni maelezo ya afisa mmoja wa Kijerumani, Moritz Merker, aliyeandika kuhusu vita hivyo mwaka 1906, moshi haujaisha. Anaeleza habari zilizokuwa zikienea juu ya dawa ile kabla ya mapigano. Dawa itampunguzia mkulima mashaka ya kilimo. Italeta afya na mavuno, itaondoa njaa na maradhi. Na zaidi ya yote, anasema, italinda mashamba yasivamiwe na nguruwe pori.

Nilisoma mstari huo mara tatu, kisha nikatoka nje kunywa maji.

Si kwamba risasi hazikuwemo. Zilikuwemo, zikaja kufunika yote mengine. Lakini watu waliokwenda Ngarambe kwa mamia katika miezi ile ya mwanzo walikuwa wakulima wenye tatizo la wakulima. Ukitaka kujua kwa nini nguruwe awe tatizo kubwa kiasi cha kutafutiwa dawa, inabidi uangalie miaka kumi iliyotangulia.

Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika koloni. Uwindaji ukawa wa leseni, na maeneo mawili yakatengwa kuwa hifadhi, moja upande wa Kilimanjaro na jingine huku kwetu Rufiji. Nguruwe hakuwa mnyama wa kulindwa, hilo lazima lisemwe kwa haki. Ila bunduki na baruti mikononi mwa Waafrika vilidhibitiwa, na uwindaji wa pamoja ukatazamwa kwa jicho baya. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba. Kuanzia 1902, chini ya gavana Götzen, ikaja pamba: kila jumbe na shamba lake la pamoja, na watu wa eneo lake kulilima kwa zamu. Kwenye karatasi ilikuwa siku 28 kwa mwaka. Mkulima yeyote anajua kwamba siku si hesabu tu. Siku 28 wakati wa kupalilia si sawa na siku 28 wakati shamba limelala.

Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ana makala ya mwaka 1997 ambayo kichwa chake kinaanza na njaa na nguruwe pori. Inahusu Uzaramo, kaskazini kidogo ya hapa. Anaonyesha wanaume wakiondoka, wengine kutafuta mshahara, wengine kukwepa kodi na kazi za lazima, na wanawake wakibaki na mashamba, watoto na nguruwe. Kazi ya kulinda shamba usiku, iliyokuwa ya wanaume na nyavu zao, ikawaangukia wao. Kwa Sunseri, vita ile haianzi tu na mwanamume anayeng'oa pamba Nandete mwezi Julai 1905. Inaanza pia na mwanamke aliyekesha.

Msako wa nyavu nilielezwa na Mjomba, naye alielezwa na baba yake. Kila nyumba ilikuwa na wavu wake wa kamba nene. Siku ikipangwa, nyavu zinaunganishwa, zinatandwa upande mmoja wa kichaka, wenye mikuki wanajificha nyuma yake, na wengine wote wanaingia upande wa pili wakipiga kelele na madebe. Nguruwe anakimbia kelele, anaingia wavuni. Hakuna fundi hapo. Kinachotakiwa ni watu wengi, siku moja, kila mtu na wavu wake. Ondoa nusu ya wanaume na wavu una matundu. Nilielewa basi kwa nini pamba iliuma kuliko hesabu ya siku zake.

Waliokufa katika vita na katika njaa iliyofuata, baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala, wanakadiriwa na baadhi ya wanahistoria kufikia 250,000 hadi 300,000. Vijiji vilivyoachwa vilirudi kuwa msitu. Anayependa msitu ulioota juu ya shamba la zamani mnamjua.

Siku ya Ijumaa nilipanda basi Mbagala, nikashuka Kibiti, nikachukua bodaboda hadi Dimani na buti zangu zikining'inia shingoni. Bibi alikuwa uani anapepeta mchele.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Ndo umekuja kuua nguruwe na viatu hivyo?"

Jioni ile nikamsomea habari za Merker, kwa kutafsiri papo hapo. Hakushangaa. Alichukulia kama kitu ambacho mtu yeyote angejua, kwamba ukipata dawa, ya kwanza utaomba ya nguruwe. Halafu akanisimulia ya kwake, ambayo sikuwahi kuisikia ingawa nimelala kitanda chake nusu ya utoto wangu.

Alizaliwa bondeni, kwenye mashamba yanayofunikwa na mafuriko ya Rufiji. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali ikaendesha Operesheni Rufiji, na kufikia 1969 familia nyingi zilikuwa zimehamishiwa vijiji vipya vya ujamaa huko juu, kwenye nchi kavu. Shule na zahanati zilikuwa huko juu. Udongo mzuri ulibaki chini. Zamani mtu alilala nyumbani kwake na shamba liko mlangoni, akikohoa tu nguruwe anajua kuna mtu. Sasa ilibidi kutembea mwendo mrefu na kulala huko huko juu ya dungu. Kwa msomaji asiyelijua, dungu ni jukwaa la miti juu ya nguzo, na kipaa cha makuti, ambalo mlinzi wa shamba hukaa usiku. Babu alikuwa amekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. "Miaka minne nililala dunguni," Bibi alisema, "mama yako tumboni, halafu mgongoni. Nina debe na kijinga cha moto. Huyo mjomba wako anayesema wanawake hawaendi msakoni nilimnyonyesha juu ya dungu."

Mjomba alikuwa mlangoni. Akaangalia pembeni.

Wakati huo hofu ilikuwa nguruwe. Kuna wakati ikawa zaidi. Watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha mwaka 2005 katika jarida la Nature hesabu ya watu walioshambuliwa na simba Tanzania tangu 1990: waliouawa walikuwa zaidi ya 560 na waliojeruhiwa zaidi ya 300. Rufiji na Lindi zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi, na mashambulizi yaliongezeka wakati wa mavuno. Sababu waliyoiona ilikuwa rahisi na mbaya. Mahali ambapo swala na pofu wamekwisha, simba hula nguruwe pori. Nguruwe anakwenda shambani, simba anamfuata nguruwe, na shambani kuna mtu amelala kwenye kibanda cha makuti. Simba mmoja wa Rufiji, ambaye watu walimpa jina la Osama, alihesabiwa kuua watu wasiopungua 35 kabla hajapigwa risasi Aprili 2004. Alikutwa na jipu kubwa kwenye jino.

Kisha 2017, mwaka wa mauaji ya Kibiti, bodaboda zikakatazwa kutembea usiku katika wilaya zetu, na hakuna mtu mwenye akili aliyetaka kuonekana anatembea gizani na panga, hata kama anakwenda shambani kwake. Mjomba anasema mwaka ule hawakuvuna muhogo. Alisema hivyo tu, akabadilisha mazungumzo.

Askari alifika Jumamosi alasiri, kijana mpole, bunduki ameifunga kwa kitambaa. Alitukusanya chini ya mkorosho na kutueleza utaratibu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haitaki mitego, mashimo, sumu wala nyavu bila idhini. Risasi atapiga yeye peke yake. Mnyama akifa ni mali ya serikali.

"Hata huyu?" Mjomba akauliza. "Serikali nayo inakula kitimoto?"

Watu walicheka mpaka askari mwenyewe. Dimani wengi wetu ni Waislamu, na sehemu ya tatizo iko hapo, kwa sababu hakuna anayeamka usiku kwa hamu ya kumfuata mnyama ambaye hatamla. Anayewinda swala anarudi na mboga. Anayewinda nguruwe anarudi na usingizi.

Nafasi yangu "nyuma" ikawa dunguni, pamoja na Bibi. Upepo ulitupiga usoni. Tulikaa kuanzia saa tatu usiku, bila tochi, na jambo ambalo hakuna aliyeniandaa nalo ni jinsi usiku wa shambani usivyo kimya. Kila jani ni nguruwe. Saa nane kasoro Bibi alinigusa goti. Mimi sikuwa nimesikia kitu. Kisha nikasikia: kama mtu anayepasua kuni laini, na pumzi nzito, nyingi, chini yetu kabisa. Mwanga ukawaka upande wa pili, risasi moja, kilio, na vishindo vya kundi likipasua vichaka kuelekea shamba la jirani.

Asubuhi alikuwa amelala kati ya matuta, dume, manyoya ya mgongoni yamesimama bado. Nilimwangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Pua ilikuwa na udongo mbichi. Bibi hakumwangalia. Alikuwa akihesabu mashina yaliyobaki, akafika 41, akaanza upya. Mjomba alifuata nyayo za wengine hadi mpakani na kurudi akiwa ameinua vidole vinane.

Askari aliandika maelezo yake, akasaini, akaomba maji ya kunywa. Alikuwa na vijiji vingine. Wanaume wakaanza kukumbuka shughuli zao mmoja mmoja: mmoja ana msiba Bungu, mmoja ana mzigo wa mkaa, mmoja mgongo.

"Na leo usiku?" Bibi akauliza.

Nilikuwa na ruhusa ya kazini mpaka Jumanne. Sikujibu, nikaenda kulitafuta debe.