Mwimbaji hayupo, bendi ipo: jina linabaki kwa nani?

Tuseme uko Namanyere, unasikia bendi kongwe ya dansi inapiga Sumbawanga mjini Jumamosi. Nyimbo zake unazo kwenye memori kadi ya simu. Shida ni moja: mwimbaji unayempenda alishafariki zamani. Ulipe nauli na kiingilio, au ni jina tu linalozungushwa?

Jibu linategemea sana bendi ilikuwa ya nani toka mwanzo.

Bendi za taasisi

Kwa miaka mingi bendi nyingi kubwa za Tanzania zilikuwa mali ya taasisi. Vyombo ni vya mwajiri, mshahara unatoka kwa mwajiri, jina ni la mwajiri. Mwanamuziki akihama, anaondoka na kipaji chake tu.

NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika, bendi nayo ikabadili jina: JUWATA, kisha OTTU, na baadaye Msondo Ngoma. Mzee Muhidin Maalim Gurumo aliimba hapo mwanzoni, akaenda Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978, mwaka 1985 akahamia OSS, halafu akarudi Msondo. Alistaafu mwaka 2013 na kufariki Aprili 2014. Kabla yake, mwaka 2006, Msondo ilishampoteza TX Moshi William. Mara zote hizo bendi iliendelea kupiga.

Mlimani Park, yaani Sikinde, nayo ilitikiswa mwaka 1985. Gurumo aliondoka kwenda OSS, na Hassani Bitchuka naye akahamia huko. Sikinde haikufa, na baadaye Bitchuka mwenyewe akarudi. Vijana Jazz, bendi ya umoja wa vijana wa chama, nayo iliendelea baada ya Hemed Maneti kufariki mwaka 1990.

Bendi za mtu

Hapa mambo ni tofauti. Mbaraka Mwinshehe alitoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya. Yeye ndiye alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo. Alipoondoka, Super Volcano haikurudi tena kwenye hadhi ile.

Simba Wanyika ilikuwa ya ndugu wawili kutoka Tanga waliohamia Kenya. George Kinyonga alifariki mwaka 1992, Wilson mwaka 1995. Bendi ikaishia hapo.

Jina likigombaniwa

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo, mfano mkubwa ni OK Jazz ya Franco. Franco alifariki Oktoba 1989. Wanamuziki wakaendelea chini ya Lutumba Simaro, lakini wakaja kutoelewana na familia ya marehemu kuhusu mapato. Simaro na wenzake wakajitoa na kuunda Bana OK, yaani watoto wa OK. Muziki ulikuwa ule ule, ila jina lilitamka wazi kwamba hii si bendi ya mzee tena.

Queen ya Uingereza ilifanya jambo linalofanana na hilo. Freddie Mercury alifariki mwaka 1991. Waliobaki wanapopanda jukwaani na mwimbaji mwingine, bango huandikwa Queen + Adam Lambert. Mteja anajua anachonunua.

Na nyimbo je?

Usichanganye jina la bendi na nyimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi akiwa hai na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo mwenye jina la bendi si lazima awe ndiye mwenye haki ya kila wimbo. Mtunzi akifariki, kuna warithi, na wimbo ukiendelea kuingiza hela, nao wana haki ya kuuliza. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia, hasa kama enzi hizo watu walikubaliana kwa mdomo tu.

Kabla hujatoa hela

Uliza mambo matatu. Kwanza, nani wamebaki kati ya waliorekodi zile nyimbo? Mpiga solo au mpuliza tarumbeta wa zamani ana uzito wake. Pili, bango linamtaja mwimbaji wa sasa, au limeweka picha ya marehemu kubwa kuliko zote? Tatu, bendi ina nyimbo mpya, au inaishi kwa vibao vya zamani peke yake?

Ukijibiwa vizuri, nenda. Sauti ya marehemu hutaipata, lakini unaweza kukuta magitaa na tarumbeta zikiongea vile vile. Ukijibiwa kwa kuzungushwa, bora hela yako ibaki mfukoni, usikilize zile za kwenye simu.