Wavuvi Waliogeuka Walinzi

Sisi watu wa Kamina tuko mbali na bahari, lakini habari za kulinda viumbe si ngeni kwetu: hifadhi ya Upemba ilitengwa mwaka 1939. Sikilizeni basi habari za Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya mji wa Unguja.

Mwaka 1904 ulijengwa hapo mnara wa taa wa kuongoza meli. Chini ya maji yako matumbawe. Ukiyaona utadhani ni mawe, kumbe yamejengwa na vijidudu hai, na samaki hujificha humo. Yakivunjwa kwa nanga au baruti, hukaa miaka mingi kabla ya kukua tena. Kwa hiyo mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilikataza uvuvi mahali pale.

Je, wavuvi? Baadhi yao waliajiriwa kuwa walinzi. Hawana bunduki, huwaeleza wenzao kwamba samaki wakizaa kwa amani huongezeka, wakatoka nje ya mpaka hata kwenye mitego. Mgeni huelea juu kwa miwani na mrija wa kupumulia; mitungi ya hewa watalii hawaruhusiwi.

Nasi tunaokula samaki wa Kisale na Upemba, tuwaulize wavuvi wetu: mazalio yetu nani atayalinda?