Buibui wa Msituni: Kugunduliwa na Kupewa Jina

Mjini Unguja neno buibui lina maana mbili: vazi jeusi la wanawake, na mdudu wa miguu minane anayetanda pembeni mwa dari. Makala hii inamhusu huyo wa pili, hasa jamaa zake wa msituni, ambao baadhi yao hata wakishapevuka hawafiki milimita mbili, na hatua wanazopitia hadi wahesabiwe kuwa spishi mpya.

Hatua ya kwanza ni kuinama. Katika msitu kama Jozani, kiasi cha kilomita 35 kusini-mashariki mwa Mji Mkongwe, maji ya ardhini yako karibu na uso, na majani yaliyoanguka hukaa na unyevu. Mtafiti huyachekecha majani hayo, kisha huyaweka kwenye faneli chini ya taa. Joto huyakausha kuanzia juu. Viumbe wapenda unyevu huteremka, wakadondokea kwenye chupa ya spiriti. Mwitalia Antonio Berlese alibuni chombo hicho mwaka 1905 akitumia maji ya moto, na mwaka 1918 Albert Tullgren wa Sweden akaweka balbu ya umeme. Tullgren hakuwa mgeni wa wadudu wa huku: mwaka 1910 alikuwa amechapisha maelezo ya buibui walioletwa na msafara wa Yngve Sjöstedt uliozuru Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906.

Kuwa na buibui chupani si kugundua.

Kazi yenyewe iko kwenye hadubini. Wachanga huwekwa kando, kwa kuwa alama zinazotofautisha spishi huonekana kwa waliopevuka tu. Kwa dume hutazamwa vile vigusio viwili vya karibu na mdomo, anavyovitumia kumpelekea jike mbegu. Kwa jike hutazamwa tundu la uzazi chini ya tumbo. Miili inaweza kufanana kama pacha, lakini viungo hivi vikatoa siri. Kisha huja kazi ya kuchosha zaidi: kulinganisha na kila jamaa aliyekwisha kuelezwa, pengine katika kitabu cha Kijerumani cha miaka 150 iliyopita. Asipopatikana anayelingana naye, sampuli moja huteuliwa kuwa kielelezo cha kudumu cha jina, na maelezo huchapishwa pamoja na michoro. Mwaka 2022 orodha ya dunia ya buibui ilivuka spishi 50,000.

Katika kanuni za majina, buibui wana upendeleo wao. Majina ya wanyama huhesabiwa kuanzia kazi ya Linnaeus ya mwaka 1758, ila kitabu cha Msweden Carl Clerck kuhusu buibui, kilichotoka mwaka 1757, kilikubaliwa kana kwamba kilichapishwa Januari 1, 1758. Aliyetangulia hakunyang'anywa haki yake.

Mfano mzuri kwa msomaji wa Kiswahili ni jenasi Buitinga, iliyoelezwa mwaka 2003 na Bernhard Huber wa Makumbusho ya Koenig, mjini Bonn. Ni buibui wa miguu mirefu, myembamba kama uzi, wanaoishi katika misitu ya Afrika Mashariki. Humo mna Buitinga amani na Buitinga mazumbai, majina ya mahali katika Usambara, na pia Buitinga tingatinga na Buitinga kadogo, Kiswahili kisichohitaji kamusi. Spishi mbili alizozieleza Tullgren mwaka 1910 nazo zilihamishiwa humo. Mwaka 2012 Huber aliandika tena, safari hii pamoja na Charles Warui wa Kenya, na spishi nane mpya za buibui wa miguu mirefu wa Afrika Mashariki, si za Buitinga peke yake, zikaongezeka.

Unguja iliingia katika vitabu hivi mapema. Wadudu waliokusanywa wakati wa safari za Baron Carl Claus von der Decken, katika zama za Sultani Sayyid Majid, walielezwa Berlin na Adolf Gerstaecker mwaka 1873. Franz Stuhlmann naye alikusanya mwaka 1888 na 1889. Buibui wake wakaelezwa Hamburg na Bösenberg na Lenz. Ndiyo maana baadhi ya vielelezo vya kwanza vya buibui wa pwani vimo katika makabati ya Ujerumani, mbali na Beit el Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa Mnazi Mmoja mwaka 1925.

Tatizo liko kwenye vibandiko. Kitabu cha Gerstaecker kinataja "eneo la Zanzibar", na katika lugha ya siku hizo eneo hilo lilivuka bahari hadi Mombasa na bara ya Kilimanjaro. Neno "Sansibar" kwenye karatasi ya zamani, bila kijiji wala msitu, laweza kuwa kisiwa, bandari ambako sanduku lilipakiwa, au pwani nzima. Kwa hiyo anayetaka kuhakikisha jina la aina hiyo hana budi kurudi majanini na chekeche lake, na kuandika kwenye kibandiko kipya msitu, tarehe na upande wa njia alikoinama.