Kutenga Bila ya Kuvunja: Historia ya Kunasa Sauti za Mashine ya Ngoma Moja Moja

Ngoma ni jina moja lenye mambo mengi ndani yake. Neno hilo hutaja mzinga uliowambwa ngozi, hutaja mchezo, na hutaja hata mkutano wa watu waliokuja kucheza. Katika ngoma moja ya pwani huweza kuwamo msondo mrefu, chapuo dogo, vumi lenye sauti nzito, na kumbwaya isimamayo kwa miguu yake. Msikilizaji aliyezoea huitambua kila sauti kwa jina lake, ingawa zote humfikia kwa pamoja. Kazi ya sikio, basi, ni kutenga bila ya kuvunja.

Kazi hiyo ambayo sikio huifanya bila ya jasho ilivitaabisha vyombo vya kunasia sauti kwa miaka mingi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, bendi ilinaswa kwa pamoja, na kilichokwisha kunaswa hakikutengeka tena. Ikiwa ngoma ilizidi sauti ya mwimbaji, hapakuwa na dawa ila kupiga wimbo upya. Mabadiliko makubwa yalikuja kwa utepe wa sumaku uliogawanywa kwa marefu yake katika mistari sambamba, ambayo mafundi huiita treki. Mwaka 1957 kampuni ya Ampex ya Marekani ilimpatia mpiga gitaa Les Paul mashine yenye treki 8. Kila treki iliweza kunaswa peke yake huku nyingine zikisikilizwa, na kila moja iliweza kupandishwa au kushushwa sauti baadaye. Katika miaka ya 1970 studio kubwa zilikwisha kuzoea treki 24, na mwaka 1979 kampuni ya TASCAM ilitoa chombo kidogo cha treki 4 kilichotumia kaseti ya kawaida, hata mtu asiye na mali nyingi akaweza kufanya kazi hiyo nyumbani kwake.

Wakati utepe ulipokuwa ukijifunza kutenga, mashine nyingine ilikuwa ikijifunza kupiga. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Leon Theremin alimtengenezea mtunzi Henry Cowell chombo kilichoitwa Rhythmicon, kilichoweza kupiga midundo kadha wa kadha kwa wakati mmoja. Mwaka 1959 kampuni ya Wurlitzer iliuza Sideman, kasha ambalo ndani yake mota ilizungusha kisahani chenye viguso vya umeme, na kila kiguso kikaamsha sauti yake. Huko Japani kampuni ya Keio, iliyokuja kujulikana kwa jina la Korg, ilitoa Donca-Matic mwaka 1963. Vyombo hivyo vilikusudiwa kumsaidia mpiga kinanda aliye peke yake. Mdundo ulikuwa tayari ndani yake, na kazi ya mtu ilikuwa kuchagua tu: huu wa dansi, au huu wa rumba.

Mwaka 1980 ndio uliobadili mambo. Katika mwaka huo zilitokea mashine mbili ambazo mtumiaji aliweza kuzitungia mdundo wake mwenyewe. Ya kwanza ni LM-1 ya Mmarekani Roger Linn, ambayo sauti zake 12 zilikuwa zimenaswa kutoka ngoma halisi na kuhifadhiwa kwa tarakimu. Ya pili ni TR-808 ya kampuni ya Roland, ambayo sauti zake zilifinyangwa kwa umeme mtupu, bila ya ngoma yoyote kupigwa. LM-1 haikuzidi sana mashine mia tano, na TR-808 ilitengenezwa kwa miaka michache tu. Walakini zote mbili zilifanana katika jambo moja kubwa: kila sauti ilikuwa na tundu lake la kutokea. Fundi aliweza kuchomeka waya kutoka ngoma ya besi hadi treki ya kwanza, na waya mwingine kutoka ngoma ya nyuzi, ile ndogo inayotatarika, hadi treki ya pili, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Mashine ikapiga mara moja, na ngoma zote zikafika utepeni zikiwa mbalimbali.

Lakini si kila mwenye mashine alikuwa na matundu mengi, wala si kila studio ilikuwa na treki za kutosha kupokea sauti zote kwa mkupuo mmoja. Mwenye tundu moja hakuwa na njia ila kurudia: apige wimbo wote akinasa ngoma ya besi peke yake, arudishe utepe, kisha apige tena akinasa ngoma ya nyuzi. Hapo ndipo tatizo la wakati lilipojitokeza. Utepe hauzunguki kwa mwendo ule ule daima, na mashine ya ngoma huhesabu kwa saa yake yenyewe. Viwili hivyo vikiachwa bila ya mwamuzi, ngoma ya besi na ya nyuzi zitaanza pamoja, na kabla ya wimbo kwisha zitakuwa zimeachana. Palihitajika ishara itakayonaswa kwenye utepe wenyewe, ili utepe uwe mwongozaji na mashine iwe mfuasi.

Mafundi waliipata ishara hiyo mapema, ila kila kampuni ilisema kwa lugha yake. Roland ilihesabu mapigo 24 ya saa katika kila noti robo, Korg na Linn zilihesabu 48, na Oberheim 96. Mashine ya kampuni moja haikuielewa ya nyingine bila ya mkalimani. Hali hiyo ndiyo iliyowasukuma Dave Smith wa Sequential Circuits huko California na Ikutaro Kakehashi, mwasisi wa Roland, kutafuta lugha moja ya ala zote. Mwezi wa Januari 1983, katika maonyesho ya wafanya biashara ya ala huko Anaheim, kinanda cha Prophet-600 na kinanda cha Jupiter-6, vya kampuni mbili zilizokuwa zikishindana, viliunganishwa kwa waya mmoja, na kimoja kilipopigwa kikalia na kingine. Lugha hiyo ndiyo MIDI. Wenyewe hawakutoza ada juu ya matumizi yake, na mwaka huo huo Roland ilitoa TR-909, mashine yake ya kwanza ya ngoma iliyoijua. Miaka 30 baadaye, katika 2013, Smith na Kakehashi walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

Yafaa ifahamike vyema kwamba katika waya wa MIDI haipiti sauti. Hupita agizo. Agizo la kupiga lina sehemu tatu: la kwanza latamka kuwa ni la kupiga na ni la njia ipi miongoni mwa njia 16, la pili lataja namba ya noti, kuanzia 0 hadi 127, na la tatu laeleza nguvu ya pigo. Msomaji aliyezoea elimu ya lugha ataona kwamba mambo hayo yafanana na maandishi kuliko matamshi. Herufi haina sauti. Humwamuru msomaji kuitoa, na kila msomaji huitoa kwa kinywa chake. Hali kadhalika namba 36 haina mlio. Mashine moja huijibu kwa kishindo kizito, na nyingine kwa mlio mkavu.

Kwa msaada wa lugha hiyo kazi ya kutenga ilipata utaratibu uliokubaliwa na mafundi. Kwanza, treki moja ya utepe, aghalabu ile ya pembeni kabisa, ilinaswa msimbo wa wakati. Treki iliyopakana nayo iliachwa tupu kila ilipowezekana, maana msimbo huo una mlio mkali uwezao kuvuja. Pili, chombo cha kutafsiri kiliusoma msimbo na kuugeuza kuwa mapigo ya saa ya MIDI, 24 katika kila noti robo, pamoja na ishara ya kuiambia mashine wimbo umefika wapi. Tatu, fundi alinyamazisha sauti zote isipokuwa moja, akainasa, akarudisha utepe, akanyamazisha hiyo na kuifungua nyingine. Leo kompyuta imechukua mahali pa utepe, lakini hatua ni zile zile: maagizo hugawanywa kwa namba zake, kila namba hupewa mstari wake, na kila mstari hunaswa katika treki yake.

Faida yake yajulikana. Hata hivyo kuna mawili yaliyowafundisha mafundi kwamba kutenga kuna gharama. La kwanza ni la wakati. MIDI hupeleka alama 31,250 kwa sekunde, moja baada ya nyingine. Agizo la sehemu tatu huchukua karibu elfu moja ya sekunde, kwa hiyo ngoma kumi zilizoandikwa kupigwa pamoja haziagizwi pamoja kwa hakika, bali hufuatana kama watu wapitao mlango mwembamba. Sauti moja moja ikinaswa peke yake, foleni hiyo hutoweka, na uhusiano wa ngoma moja na mwenziwe hubadilika kidogo. Ndiyo maana mafundi makini hunasa pigo moja la alama mwanzoni mwa kila treki, ili treki zote zipangwe upya kwa kulitazama hilo.

La pili ni la matoazi ya mguu. Matoazi hayo yana sauti mbili: ya wazi, iendeleayo kulia, na ya kufumba, iliyo fupi. Katika ala halisi haziwezi kusikika pamoja, kwa kuwa mguu ukifumba, mlio wa wazi hukatika. Mashine huiga tabia hiyo: pigo la kufumba huua mlio wa wazi. Basi fundi asiyejua akizinasa sauti hizo mbili kwa zamu, akiwa amenyamazisha maagizo ya moja wakati wa kuinasa nyingine, mlio wa wazi hukosa wa kuukata, ukaendelea hadi ukafunika usipotakiwa. Kila treki yaonekana sahihi ikisikilizwa peke yake. Zikiwekwa pamoja, si ngoma ile tena. Mwanafunzi wa Kiswahili hatastaajabu. Anayezitenga sauti za *mbuyu* moja moja na kuitamka *m* kama kwamba *b* haipo baada yake, atakuwa ametaja sauti zote za neno na kulikosa neno lenyewe. Kuna sauti ambazo hukumu yake imo katika jirani yake, na hizo hapana budi zinaswe pamoja.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya usanifishaji. Mwaka 1991 ilitolewa orodha ya General MIDI, iliyoiweka njia ya 10 kuwa ya ngoma na kuamua kila namba ni ya ngoma gani: 36 ngoma ya besi, 38 ngoma ya nyuzi, 42 matoazi yaliyofumbwa, 46 matoazi ya wazi. Sauti zenye majina ni 47, kuanzia 35 hadi 81. Wamo bongo na konga wa Kuba, wamo agogo na kwika wa Brazili. Msondo hamna. Chapuo, vumi na kumbwaya pia hamna.

Wasomaji wa Kiswahili walikwisha kuona jambo la namna hiyo. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi yake mwaka 1930, vitabu vilipata tahajia moja na shule zikapata lugha moja. Lakini watetezi wa Kimvita walinung'unika, na hawakunung'unika bure. Usanifu huunganisha wengi kwa kukubaliana juu ya machache. Kosa haliko katika kukubaliana. Liko katika kudhani kwamba yaliyoachwa nje ya orodha hayapo.

Kwa hiyo anayeinasa ngoma ya pwani katika kompyuta, akiitenga kila sauti katika treki yake, ana uamuzi wa kufanya ambao si wa ufundi peke yake. Programu yake, ikifuata orodha, itauita msondo konga, kwa sababu namba 64 imeandikwa hivyo. Hakuna kitu katika MIDI chenyewe kinachomlazimisha kukubali, kwa kuwa namba haina mlio wala asili. Huwa kile ilichofungiwa. Akiandika *msondo* juu ya treki hiyo, atakayeifungua baada ya miaka hamsini atausikia mlio na kulipata jina. Asipoandika, mlio utabaki safi kabisa, umetengwa vyema na milio mingine, na umetengwa na jina lake pia.