Chambo Hakizai Samaki

Mvuvi wa ufukoni anayetumia chambo bandia huanza kwa kuyatazama maji: dagaa wanaopita wana ukubwa gani, wimbi lina nguvu kiasi gani, upepo wavuma kutoka wapi. Ndipo achague. Hekima hiyo ilimwongoza Bob Pond wa Massachusetts, Marekani, alipoanza katika miaka ya 1940 kutengeneza chambo cha mti alichokiita Atom. Kilirushwa mbali kupita mawimbi, na kibati cha mbele kilikiyumbisha majini mfano wa samaki aliye hai. Samaki wakubwa wa milia walikifuata wakanaswa.

Lakini Pond aliwaona samaki hao wakipungua, na mwaka 1965 akaanzisha chama cha kuwatetea, Stripers Unlimited. Miaka 20 baadaye, mwaka 1985, jimbo la Maryland, lenye mazalia makuu katika ghuba ya Chesapeake, likapiga marufuku kuwavua. Mwaka 1995 walitangazwa kuwa wamerejea. Mwaka 2019 tathmini ikaonyesha wamepungua tena.

Aliyejua sana kuwanasa ndiye aliyetambua mapema kwamba chambo, kiwe kizuri namna gani, hakizai samaki.